Kuchota mashapo ya chavua kinamasini: linda kina

Nimetoka kumsaidia mwanafunzi anayechunguza uoto wa kale, na kilichotuchukua muda kuliko yote ni kina. Chavua hudumu maelfu ya miaka kwenye tope lisilo na oksijeni, lakini usipojua imetoka kina gani, haikusaidii.

Hatua ya 1: Mahali. Pima kwa fito tupu hadi upate tope nene zaidi. Kaa mbali na mkondo unaoingia.

Hatua ya 2: Kifaa. Kinamasini natumia kora (kifaa cha kuchotea tope) ya Kirusi, ile yenye chemba ya nusu duara. Inashuka ikiwa imefungwa, unaizungusha nusu mzunguko, inakata tope la ubavuni bila kulishindilia. Kora ya pistoni iache kwa tope la ziwani.

Hatua ya 3: Kina. Hapa usiharakishe. Kinamasi hudidimia chini ya miguu. Ukipimia penye nyayo, sifuri yako inashuka kila mtu anaposogea. Simameni juu ya mbao, kisha pigilia kigingi kirefu kando, hadi kishike ardhi ngumu. Kitie alama ya sifuri na upimie hapo siku nzima.

Funga tepu za rangi kwenye fito ukihesabu kuanzia ukingo wa juu wa chemba, si nchani. Ncha hutangulia chemba na kuvuruga tope ambalo bado hujalichota, ndiyo maana tunatoboa mashimo mawili jirani. Kwa chemba ya sentimita 50: shimo A toa 0–50, shimo B 40–90, rudi A 80–130, kisha B 120–170. Katika zile sentimita 10 zinazolaliana, tafuta utepe wa mkaa au majivu unaoonekana kwenye vipande vyote viwili. Kina kikitofautiana, linganisha vipande kwa utepe huo. Tepu ya fito huteleza.

Hatua ya 4: Kufunga. Kwangua uso kwa kisu kisafi, kwa upana tu. Ukikwangua kwa urefu unapaka chavua ya juu hadi chini. Laza kipande kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa, zungushia plastiki laini, kisha foili. Andika shimo, kina, JUU na CHINI kabla hujachota kingine. Mshale mtupu siukubali: kesho hakuna atakayekumbuka ulielekea wapi.

Hatua ya 5: Kuhifadhi. Friji, nyuzi 4 za Selsiasi. Usigandishe, barafu hupasua tabaka. Usikawie pia kutoa sampuli za radiokaboni, yaani za kupimia umri wa tope: kuvu ikiota juu ya tope, kaboni yake mpya hufanya umri uonekane mdogo kuliko ulivyo.