Kupangisha vyumba kwa mara ya kwanza: mambo ya kuweka sawa kabla mpangaji hajaingia

Watu wengi wanaojenga nyumba ya kupangisha pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chanika, Mbagala au Kitunda, huanza na nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, choo na bafu uani, na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ukutani. Hesabu ya mapato huwa imekamilika tangu msingi unachimbwa: vyumba sita kwa shilingi 60,000 kila kimoja ni shilingi 360,000 kwa mwezi. Mimi nami nilianza hivyo, na nilidhani kwamba shida yangu kubwa itakuwa wapangaji wasiolipa. Wamekuwapo, lakini wachache. Usuluhishi mwingi nilioitiwa usiku ulihusu umeme, maji na choo, yaani vitu ambavyo watu sita wanavitumia pamoja na ambavyo mwenye nyumba hakusema neno juu yake siku ya kwanza.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio unaovunja ujirani haraka zaidi. Mita ikiwa moja, kila chumba huchanga kiasi sawa, na mwezi wa kwanza hupita salama. Kisha chumba namba mbili hununua friji, chumba namba tano huwa na fundi cherehani anayepiga pasi mchana kutwa, na kijana wa chumba namba sita, mwenye taa moja na chaji ya simu, hukataa kuchanga. Siku hiyo umeme hukatika saa tatu usiku, kila mmoja hukaa gizani akisubiri mwenzake anunue, na simu inayopigwa ni ya mwenye nyumba. Wapo wanaotoza kwa idadi ya vifaa, lakini utaratibu huo hugeuka kazi ya kuchunguliana vyumbani.

Kuna hasara nyingine ambayo wapangaji wenyewe mara nyingi hawaijui. Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa na TANESCO shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali mteja wa kundi la matumizi ya kawaida hutozwa shilingi 292. Vyumba sita vikiunganishwa kwenye mita moja huvuka uniti 75 bila shida, na hivyo watu sita wenye matumizi madogo hulipa bei ya mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Kwa hiyo, kama fedha inaruhusu, omba mita ya LUKU kwa kila chumba, au angalau mbili kwa nyumba nzima. Isipowezekana, mwite fundi umeme mwenye leseni akufungie mita ndogo za ndani, wengi huziita sabmita, na utundike daftari kwenye korido ambamo usomaji wa kila chumba unaandikwa siku moja ya wiki mbele ya wote. Daftari langu lina safu nne tu: tarehe, namba ya chumba, usomaji, na sahihi ya mwenye chumba. Tangu lianze kutumika, kelele za umeme zimebaki za siku ambazo TANESCO wenyewe wamekata.

Kupitia LUKU hiyohiyo hukatwa pia kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, na miezi ambayo umeme haukununuliwa hulimbikizwa. Mpangaji mpya anayeingia kwenye nyumba iliyokaa tupu miezi minne huweza kununua umeme wa shilingi 10,000 na kukuta kwamba 6,000 au zaidi imekwenda kwenye deni lisilo lake. Nunua umeme mwenyewe kabla hujamkabidhi ufunguo, na mkubaliane kwamba makato yanayofuata atayapunguza kwenye kodi ya pango. Ukiwa na mita zaidi ya moja kwenye jengo moja, hakikisha makato yanafanyika kwenye mita moja tu. Marekebisho hayo huombwa kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo.

Maji hugawanywa kwa vichwa, si kwa vyumba, kwa sababu mama mwenye watoto wanne hawezi kulingana na mwanafunzi anayekuja kulala tu. Choo kinahitaji zamu ya usafi iliyoandikwa, pamoja na kauli ya mapema kuhusu nani hulipa gari la kunyonya majitaka shimo linapojaa. Kwa maoni yangu gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, maana shimo ni sehemu ya jengo, na anayewachangisha wapangaji kwa ajili ya shimo alilolichimba fupi hatendi haki.

Sasa kuhusu kumpata mpangaji. Dalali atakuletea mtu upesi, lakini kumbuka kwamba malipo yake, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, hupatikana kila mtu mpya anapoingia, kwa hiyo mpangaji wa kukaa miaka mitano hana faida kwake. Tumia dalali kutafuta, usimtumie kuchagua wala kupokea fedha. Mwulize mwenyewe mtu huyo anatoka nyumba gani na kwa nini anahama, uchukue nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakotoka, na uandike majina ya watu wote watakaolala chumbani. Swali la mwisho huonekana la kichokozi, lakini ndilo linalozuia chumba kilichopangishwa kwa mtu mmoja kukutwa na watu watano baada ya Idi.

Mkataba uandikwe hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi, na hasa kama ni mtoto wa shangazi. Usitosheke na fomu ya kununua dukani yenye mistari ya kujaza. Ongeza kwa mkono wako yale yanayohusu nyumba yako: usomaji wa mita siku ya kuingia, mgawo wa maji, zamu ya choo, saa ya kufunga geti, na kama mkaa unaruhusiwa kwenye korido. Taja muda wa mkataba na muda wa notisi kila kimoja peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba pango lisilotajwa muda huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na notisi isipungue kipindi hicho. Hivyo aliyezoea kupokea kodi ya miezi sita bila maandishi anaweza kujifunga kwenye notisi ndefu kuliko alivyodhani. Lipia pia ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa kuwa mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini yake.

Kiswahili kinatutega kidogo hapa, kwa kuwa tunalipwa kodi na tunadaiwa kodi kwa neno lilelile. Kodi ya serikali kwenye pango ni asilimia 10 ya fedha yote ya pango, haikokotolewi kwenye kinachobaki baada ya matengenezo. Turudi kwenye nyumba yetu ya vyumba sita: kwa mwaka ni shilingi 4,320,000. Toa 432,000 za serikali, 18,000 za kodi ya majengo, na kodi ya chumba kimoja, yaani 720,000, ambayo nakushauri uiweke kando kwa ajili ya matengenezo, kwani mabati huvuja masika hayahaya utakayokuwa huna kitu. Vyumba viwili vikikaa tupu miezi miwili miwili, toa 240,000 nyingine. Kinachobaki ni 2,910,000, sawa na 242,500 kwa mwezi. Aliyekopa kwa kutegemea 360,000 yuko taabani, tena huchelewa kujua, kwa sababu kodi ya miezi sita huingia kwa mkupuo na kufanana na utajiri.

Mpangaji akishindwa kulipa, mwandikie notisi yenye tarehe, ubaki na nakala iliyosainiwa, na umshirikishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema. Usikate umeme, usimfungie mlango kwa kufuli lako, wala usiezue bati. Nimewaona wenye nyumba waliokuwa na haki kamili ya kudai wakageuka wadaiwa kwa sababu ya godoro na televisheni vilivyonyeshewa mvua uani. Njia iliyopo huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni ya polepole, na ndiyo maana mara nyingine kumsamehe mpangaji mwezi mmoja ili ahame kwa hiari ni nafuu kuliko kumdai miezi mitatu.

Siku ya kuhama, ingieni chumbani wawili wakati vyombo vimekwisha kutoka, si kabla, mkiwa na picha zilizopigwa siku ya kuingia. Someni mita, muandike deni la maji kama lipo, asaini. Kisha badilisha kitasa siku hiyohiyo, hata kama amerudisha funguo zote mbili, maana hujui alichonga ngapi.