Njia ya kufika ujaji wa rufaa wa shirikisho Marekani

Kwanza jua hakuna fomu ya kuomba kazi hii, lazima rais akuteue, na viti vyote ni 179 tu nchi nzima kwa hiyo nafasi haitoki kila siku. Katiba haijaweka umri wala hata digrii ya sheria, ila usijidanganye, bila kusoma sheria hawakuangalii.

Cheki mfano wa Ketanji Brown Jackson, jaji aliyepita njia hii: alimaliza sheria Harvard 1996, akafanya ukarani kwa majaji watatu (yaani kumsaidia jaji kutafiti sheria na kuandaa hukumu; hii ukarani ndo siri, usiidharau kabisa), akawa wakili wa kutetea watuhumiwa wasio na hela, 2013 akawa jaji wa wilaya (mahakama ya shirikisho iliyo chini ya rufaa), halafu 2021 Rais Biden wa wakati huo akampeleka mahakama ya rufaa ya Washington DC. Kura za Seneti (bunge la juu la Marekani) zilikuwa 53 kwa 44.

Ukishateuliwa FBI (wapelelezi wa serikali ya shirikisho) wanakuchimba maisha yako yote, unaenda kwenye kamati ya sheria ya Seneti kuulizwa maswali, ndo Seneti nzima inapiga kura. Wingi wa kawaida unatosha. Ukipita, kiti ni chako maisha, ila ujue siasa inahusika sana jamani.