Kabla ya kutoka na baiskeli ya kulala Tabora: mambo ya kuzingatia

Mwenye baiskeli ya kawaida, kama Phoenix, akikuta mchanga au tuta husimama juu ya pedali, akanyanyua makalio, baiskeli ikapita chini yake. Kwenye baiskeli ya kulala, ambayo unakaa kwenye kiti chenye egemeo huku miguu imetangulia mbele, huwezi kusimama. Kila kinachopiga gurudumu kinafika mgongoni, na kila mlima unaupanda kwa gia peke yake. Kwa hiyo maandalizi yake ni ya nyumbani, jioni ya kuamkia safari, si ya njiani jua likiwa utosini.

Anza na umbali kati ya kiti na pedali. Kaa, egemea sawasawa, kisha weka kisigino kwenye pedali ikiwa mbali kabisa nawe: mguu unyooke bila nyonga kuteleza. Ukihamishia pedali chini ya vidole, goti libaki limekunjika kidogo. Likikunjika mno litaanza kuuma kwa mbele, maana ukiwa na egemeo unaweza kusukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wako, na goti ndilo linalolipia. Kumbuka kwamba ukisogeza bomba la pedali, yaani lile la mbele linaloshika pedali, urefu wa mnyororo nao lazima ubadilike: sentimita moja ya bomba ni sentimita mbili za mnyororo, kwa sababu unakwenda na kurudi. Bomba likivutwa mbele na mnyororo ukaachwa ulivyo, siku utakayoingiza gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, kihamisha gia kitang'oka.

Mnyororo wenyewe ni mrefu, mara nyingi sawa na miwili na nusu hadi mitatu ya baiskeli ya kawaida. Unaisha polepole, ila unabeba vumbi jingi. Pima kwa rula: hatua 24 za pini hadi pini ni milimita 304.8 mnyororo ukiwa mpya, zikifika 306.5, badilisha kabla haujala meno ya gia. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka kwa ukarimu, haifai kwa vumbi la Tabora: inashika mchanga na kugeuka msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, weka tone la oili nyepesi kwenye kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa tena hadi nje pabaki pakavu. Mabomba ya plastiki yanayoufunika mnyororo yapitishie kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Humo ndimo mchanga unamojificha.

Puli inayopitisha mnyororo chini ya kiti, upande unaovuta, hubeba nguvu yote ya miguu. Izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, bearing imekwisha. Meno yakiwa yamepinda kama ndoano, mnyororo utaruka siku unapobonyeza kwa nguvu. Hii usiiahirishe, kwani puli hiyo huipati dukani Tabora.

Shida ya vipuri ina historia. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya mwendo wa saa moja akiwa kwenye baiskeli ya aina hii, na mwaka uliofuata chama cha dunia cha mbio za baiskeli, UCI, kikaziondoa kwenye mashindano yake. Zimebaki kuwa za wachache, na vipuri vyake vingi vimeazimwa kwenye baiskeli nyingine. Jua basi kila kimoja kimeazimwa wapi. Gurudumu dogo la mbele likiwa la inchi 20 lenye namba 406 ubavuni mwa tairi, umepona: ndilo la baiskeli nyingi za watoto. Likiwa 451, nalo huitwa inchi 20, lakini tairi ya 406 haiingii. Nyuma ni hivyo hivyo. Namba 559 ni inchi 26 za baiskeli za gia na inapatikana. Namba 622 huitwa 28 sawa na tairi za Phoenix, ila za Phoenix ni 635, kubwa zaidi, na hakuna fundi atakayezilazimisha zikakaa. Mwenye 451 au 622 abebe tairi ya akiba, si tyubu tu. Valvu nyembamba nazo hazikubali pampu ya fundi wa kijiweni, kwa hiyo beba adapta yake.

Tyubu mbili kwa kila ukubwa, viraka, gundi, msasa. Mbigili na miba ya migunga haichagui msimu, ila kiangazi ndio mbaya zaidi. Kwa tairi ya upana wa milimita 50, upepo wa psi 55 hadi 60 unatosha kwenye lami. Ukiacha lami shusha hadi 30 au 35 ili tairi ipanuke juu ya mchanga. Hata hivyo gurudumu dogo huzama upesi. Kwenye mchanga mzito usikate kona: nyoosha, gia nyepesi, na ukihisi usukani unaogelea shuka usukume. Hakuna aibu.

Fundi akikata mnyororo wa gia kwa nyundo na msumari, pini ikirudishwa hubaki dhaifu. Beba kifaa cha kukatia na loki mbili za cheni (viungo vya kuunganishia mnyororo) zinazolingana na idadi ya gia za nyuma (loki ya gia 8 haifai kwenye 10), alenkii za milimita 4, 5 na 6, na waya wa breki ya nyuma wenye urefu wa baiskeli yako, kwa sababu wa dukani ni mfupi.

Miguu ifungwe kwenye pedali, kwa viatu vinavyonasa kwenye pedali au kwa mikanda. Mguu ukidondoka baiskeli ikiwa mwendoni, ardhi inaukamata, kiti kinaupita, na kifundo au goti linavunjika. Suruali pana na kanga zisifike kwenye gia ya mbele.

Uko chini, na dereva wa lori anatazama juu yako. Weka bendera ya rangi ya chungwa kwenye fimbo, ncha yake ifike mita moja na nusu kutoka ardhini au zaidi, taa nyekundu nyuma hata mchana, na vioo pande zote. Cha kulia ndicho muhimu, kwa kuwa magari yanakupita upande huo, nawe ukiwa umeegemea huwezi kugeuza shingo vya kutosha. Chagua saa kwa kufuata jua. Kwa barabara ya Urambo, toka asubuhi na rudi jioni: unakwenda magharibi kisha mashariki, na jua halimpigi machoni dereva anayekujia kwa nyuma. Kwa upande wa Igalula, unakoanza kwa kwenda mashariki, mambo yanageuka.

Matuta na rasta vuka polepole. Reli ivuke kwa pembe mraba, maana gurudumu la inchi 20 hutumbukia kirahisi pembeni mwa chuma. Na Tabora ina reli tangu 1912, kwa hiyo makutano hayo utayakuta tu.

Jua nalo linakupata usoni na juu ya mapaja, si mgongoni. Miwani, mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mbele tu; wa nyuma unagonga egemeo. Maji lita tatu kwa nusu siku, kwenye mfuko wenye mpira wa kunyonyea. Vumbi la lori na mbwa wa kijijini vyote viko usawa wa uso wako.

Ya kuona hayakosekani. Tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi waliotumwa na Stanley, liko karibu kiasi cha kwenda na kurudi asubuhi moja. Miembe mizee ni kivuli kizuri, lakini msimu wa maembe tazama chini: embe lililopondwa huteleza kuliko tope. Kwenye miombo, ukiona mizinga juu ya miti usisimame chini yake kurekebisha gia. Sukuma mbele kwanza. Mvua zikianza, Novemba hivi, utakuta uyoga ukiuzwa kandokando ya barabara, na asali karibu mwaka mzima. Ukinunua, ihamishie kwenye kidumu chenye mfuniko wa kuzungusha na uifunge chini ya kiti, karibu na gurudumu la nyuma. Ikikaa juu kwenye keria, uzito wake utauyumbisha usukani kila unapoanza kuondoka.