SOMO: Kumpata afisa mikopo anayeifaa kazi, si anayependeza kwenye usaili

Wakuu, somo hili ni la viongozi wa SACCOS na wenye biashara wanaoajiri wenyewe. Natumia kazi moja tu, afisa mikopo, maana ndiyo inayowatesa wengi: mnachukua mtu mchangamfu, wanachama wanampenda, miezi michache marejesho yamelala.

Hatua ya 1: Chambua kazi kabla ya mtu. Andika anachofanya afisa tangu asubuhi. Kuongea kupo, lakini kuna kukagua fomu, kuhakiki dhamana, kufuatilia waliochelewa, na kumnyima mkopo jirani yake.

Hatua ya 2: Soma tabia ya mwombaji. Mgawanyo maarufu wa tabia katika makundi manne chimbuko lake ni kitabu cha 1928 cha William Marston, mwanasaikolojia wa Marekani (huyohuyo aliyebuni Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni). Kuna msukumaji, anayetaka matokeo sasa hivi. Mshawishi, mtu wa watu. Mtulivu, mvumilivu asiyependa mabadiliko ya ghafla. Na makini, anayehesabu mara mbili. Wengi wetu ni mchanganyiko.

Hatua ya 3: Tafuta kinachomsukuma. Hapa ndipo wengi wanaparuka. Mjerumani Eduard Spranger, mwaka 1914, alitaja misukumo sita: maarifa, faida, uzuri, kusaidia watu, madaraka na imani. Tabia utaiona kwa macho. Msukumo lazima uuchimbe. Muulize aliacha kazi iliyopita kwa nini, na kazi gani ilimfanya asahau hata kula.

Chukua watu wawili, wote makini. Mmoja anasukumwa na faida, mwingine na kusaidia watu. Ukiwalipa kamisheni kwa idadi ya mikopo, wa kwanza atakuletea mingi, na mibovu imo humo. Wa pili ataona umemgeuza dalali, ataanza kutafuta kazi kwingine. Kwa hiyo malipo nayo yaangalie, usimlaumu mtu peke yake.

Hatua ya 4: Mpe kazi aifanye. Chukua faili la zamani, futa majina, panda kasoro: mdhamini mwenye deni, mapato yasiyojumlika. Kisha jifanye mkopaji anayelia asogezewe tarehe. Mimi naliamini zoezi hili kuliko dodoso lolote la kupima tabia.

MASWALI YA WADAU

Swali: Kuna dodoso la tabia la bure mtandaoni. Niwape waombaji wote nichukue mwenye alama za juu?
Jibu: Hapana. Mengi ya aina hiyo humlazimisha mtu kuchagua sentensi moja kati ya kadhaa, kwa hiyo yanaonyesha kipi kimezidi ndani yake mwenyewe. Hayasemi kama ni makini kuliko mwenzake. Halafu mwenye shida ya kazi atajibu unachotaka kusikia.

Swali: Mimi ni mshawishi, nimepangwa stoo. Niache?
Jibu: Usikimbilie huko. Tabia hurekebishika kwa saa za kazi, ila inachosha. Omba upewe pia kupokea wateja, uone.

Swali: Mkuu, mchangamfu ninaye tayari na marejesho yamelala. Nimfukuze?
Jibu: Gawa kazi. Yeye abaki na uhamasishaji na kupokea maombi, ufuatiliaji mpe mwingine. Kama yuko peke yake, kila Ijumaa alete orodha ya wadaiwa mbele ya kamati ya mikopo, na aseme kwa kila jina amefanya nini wiki hiyo.