Kiume au kike? Namna ya kushika jinsia ya nomino za Kifaransa na Kiarabu

Anayesema Kiswahili ameshazoea ngeli. Hakuna anayehoji kwa nini kisu ni kikali na panga ni kali tu. Jinsia ya nomino ni kazi ileile, ila badala ya makundi mengi yapo mawili. Usitafute maana ndani yake: mezani kwa Mfaransa kisu ni cha kiume (le couteau), uma ni wa kike (la fourchette), wala hakuna siri yoyote hapo.

Kwa Kifaransa, andika daftarini neno pamoja na un (kiume) au une (kike), si le au la. Mbele ya irabu au h isiyotamkwa le na la zote hugeuka l', na jinsia inajificha: l'hôtel, l'image. Ukiandika un hôtel, une image, umemaliza. Miishio nayo husaidia: -tion karibu yote ni kike, -ment na -age kwa kawaida kiume, ukitoa machache kama plage, page, cage na image. Angalia pia mon école (shule yangu). Mon kwa kawaida ni ya kiume, hapa imewekwa kwa sababu ya irabu tu. École ni kike, na kivumishi kinaifichua: mon école est grande. Wengi huandika grand hapa.

Kiarabu kinataka umakini zaidi. Kwa watu, mara nyingi unaongeza taa marbuta (ة): mu'allim, mu'allima. Lakini alama hiyo haitoshi kuamulia. Khalifa na Hamza ni wanaume ingawa wanayo. Ardhi, nafsi, shams (jua) na naar (moto) ni kike bila alama yoyote, na vivyo hivyo viungo vingi vinavyokuja viwili viwili mwilini, kama yad (mkono) na 'ayn (jicho). Haya hukaririwa pamoja na hadhihi ("hii" ya kike) mbele yake: hadhihi shams.

Panapoangusha watu ni hesabu, kuanzia 3 hadi 10. Hapo namba huenda kinyume na nomino: nomino ya kiume, namba yenye taa marbuta, nomino ya kike, namba bila hiyo. Aya ya 7 ya Suratul Haaqqa ina zote mbili kwa mpigo: sab'a layaalin wa thamaaniyata ayyaamin, masiku saba na siku nane. Layla (usiku) ni kike, basi saba ikavuliwa taa. Yawm (siku) ni kiume, nane ikavishwa.

Kabla ya kuchagua namba, rudi kwanza kwenye umoja. Wingi wa visivyo watu hupatanishwa kama umoja wa kike, kwa hiyo vitabu ni hadhihi kutub. Mwanafunzi akiona hadhihi anadhani kutub ni kike, anaandika thalaathu kutub (vitabu vitatu), anakosa. Umoja ni kitaab, kiume: thalaathatu kutub.