Namna ya kupanga kundi lenu la WhatsApp kama kikosi cha mpira

Marehemu baba alianza kunipeleka uwanja wa Mkwakwani, hapa Tanga, nikiwa darasa la tatu, mwaka 1988, mwaka ule Coastal Union walipochukua ubingwa wa Bara. Tukikaa jukwaani, mpira ukiwa kulia, macho yake yako kushoto. Nikimuuliza anatazama nini, ananiambia mwenye mpira anaonekana na kila mtu, wewe mtazame asiye nao. Anakimbilia wapi? Anamziba nani? Au amesimama tu, mikono kiunoni? Haya nitakayokueleza yote yanatoka kwenye maneno hayo.

Kundi letu ni la waliomaliza kidato cha nne pamoja mwaka 1996 hapa Tanga. Tuko 38. Wengi wako Tanga, Muheza na Dar, mmoja yuko Muscat, mwingine Minnesota. Tunashikana kwenye misiba, maradhi na harusi za watoto. Mimi ndiye admini tangu 2016, na kwa miaka mingi tulicheza kama watoto wa chekechea: mpira ukienda huku, wote huku. Mwenzetu mmoja alipolazwa kwa upasuaji, siku ile zilikuja jumbe 112 za pole. Jioni nikampigia mkewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika wodini, na pesa tuliyochanga ilikuwa kwenye simu tatu tofauti. Usiku huo nilichukua daftari nikaanza kupanga namba.

Nawe anza na daftari. Tenga jioni nzima, rudi nyuma kwenye mazungumzo ya miezi mitatu, na chora safu mbili kwa kila mtu: aliyoyaandika na aliyoyafanya. Safu ya kwanza utaijaza kwa kidole tu. Ya pili haimo kwenye simu. Itakubidi upige simu kwa waliofiwa, waliolazwa na walioozesha watoto, uwaulize swali moja: nani alikuja? Usiruke hatua hii. Mimi niliiruka, na nitakueleza kilichonipata.

Panga kuanzia golini. Watu wengi huanza na straika kwa sababu ndiye wanayemsikia, kisha golini wanamweka aliyebaki, kama tulivyokuwa tukimweka mtoto mnene shuleni. Golikipa wa kundi ni yule anayezuia uongo usiingie: linki ya bando la bure, tangazo la ajira lisilo na ofisi, habari ya kifo cha mtu maarufu aliye mzima na anakunywa chai nyumbani kwake. Ujumbe uliosambazwa sana huja na mishale miwili juu yake, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu kuupeleka kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mpigo, lakini bado unafika. Tafuta ujumbe wa uongo wa mwisho kuingia kwenu, uone nani aliujibu, baada ya dakika ngapi, na kwa lugha gani. Golikipa mzuri anadaka bila kumwumbua beki wake. Wetu ni muuguzi. Hupita wiki mbili hajaandika neno, kisha mtu akileta dawa ya kutibu kisukari kwa siku saba, yeye anajibu kwa mistari miwili yenye adabu, na mwishoni anamshukuru aliyeileta kwa kuwajali wenzake. Simba walipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003 kwa penalti kule Cairo, watu walimbeba golikipa Juma Kaseja kwa mikwaju aliyopangua. Golikipa hahesabiwi kwa mara alizogusa mpira.

Ila mlinde. Kabla ya 1992 beki aliyebanwa aliweza kumrudishia golikipa mpira, golikipa akaudaka kwa mikono, na mechi ikalala. Sheria ikabadilishwa. Kwenye makundi yetu sheria hiyo haijafika: kila jambo linarudishwa kwa mtu yule yule, "tumsubiri nesi atuambie". Ukiona jina moja linaitwa kwa mambo matano kwa wiki, wape wengine mawili matatu.

Namba 4 na 5 ni watu wa pesa, nao lazima wawe wawili wanaosikilizana. Mmoja anapokea, mwingine anaandika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo makundi mengi yanapofungwa goli la kijinga. Mnaijua orodha ya michango: mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake na elfu ishirini yake, anairudisha kundini. Watu wawili wakinakili orodha ile ile kwa dakika moja, wa pili anamfuta wa kwanza bila kujua. Mwaka juzi jina la dada mmoja lilipotea hivyo kwenye msiba wa mama wa mwenzetu. Hakusema. Alisubiri mtu aone. Orodha ya mwisho ilisomwa matangani bila jina lake, na mimi ndiye niliyeisoma. Ilinichukua miezi minne ya kumwendea nyumbani mpaka akarudi kuwa yule tuliyemzoea. Tangu siku hiyo orodha inaguswa na namba 5 peke yake. Wengine wanatuma pesa kwa namba 4 na kumpelekea namba 5 ujumbe wa muamala. Saa tatu usiku orodha inatoka, mara moja kwa siku. Fanyeni hivyo hata kama mko kumi tu.

Sasa namba 2 na 3, wanaopanda na kushuka. Hawa ndio miguu ya kundi: wanaofika wodini, wanaokwenda kufunga maturubai, wanaoijua njia ya makaburini. Watazame walivyocheza mabeki wa pembeni Shomari Kapombe na Mohamed Hussein Tshabalala walipokuwa pamoja Simba, utaelewa ninachotaka. Kikosi changu cha kwanza nilikipanga kwa safu moja, ile ya walioandika, na Jumapili moja jioni nikakirusha kundini kwa furaha. Watu wakacheka, wakagombania jezi namba 10. Kesho yake asubuhi mmoja wetu, fundi seremala wa Muheza, akanitumia ujumbe pembeni: "Dada admini, mimi sijaona nilipo." Kweli hakuwemo, hata benchi. Katika miezi mitatu alikuwa ameandika mara moja tu, neno "Amina". Nilipowapigia wafiwa ndipo nikaambiwa kwamba katika misiba minne mfululizo yeye alifika kwanza, na jeneza la mmoja alilitengeneza mwenyewe usiku na akakataa kulipwa mbao. Niliona aibu kwa baba yangu, ambaye alishafariki. Leo ndiye namba 2 wetu, na hana mpinzani.

Namba 6 hutaipata kwa kusoma mazungumzo, kwa sababu kazi yake haifanyiki hadharani. Kiungo mkabaji wa kundi ni yule anayezima moto kwa simu ya pembeni. Kipimo chake ninacho kimoja, na hakijanidanganya: mtafute mtu aliyewahi kutoka kwenye kundi akarudi, umuulize nani alimpigia. Sisi tulipata jawabu baada ya Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba 5-1. Kundi lilichemka. Watu wazima wenye wajukuu walitupiana maneno ambayo sitayaandika, na wawili wakatoka. Tangu 2022 mtu akitoka kimya kimya anayearifiwa ni admini tu, kwa hiyo wengine hata hawakujua. Siku ya tatu wote wawili waliomba kurudi. Nikawauliza, kila mmoja akanitajia mtu yule yule: mwenzetu muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga, shabiki wa Yanga wa kufa na kuzikwa, aliyempigia kila mmoja na kuongea naye habari za watoto na bei ya ngisi, bila kugusa mpira kabisa. Namna Khalid Aucho, yule Mganda, alivyokuwa akiikata hatari Yanga kabla jukwaa halijaiona, ndivyo anavyofanya huyu. Ukimpata wako usimpe uadmini. Akivaa kitambaa cha madaraka, watu wataacha kumwambia ukweli.

Namba 8 ni mchapakazi anayejaza kila pengo. Kila kundi linaye, na karibu kila kundi linamchosha. Mpe mapumziko kabla hajayaomba. Namba 10 ndiye mwenye swali zuri, anayeweza kufufua kundi lililolala siku nne kwa kuuliza tu, "Yule mwalimu wetu wa jiografia anaishi wapi siku hizi?" Winga, yaani 7 na 11, wanaleta raha: stika, picha za zamani, kisa cha dakika tatu kwa sauti. Waache wakimbie. Ila wajue kwamba tangazo la msiba likiingia, stika zinasubiri.

Wetu wa Minnesota nilimpa namba 11 kwa kuwa yuko mbali na goli, kisha nikagundua thamani yake nyingine. Kule wako nyuma yetu kwa saa nane au tisa, kufuatana na majira. Habari mbaya ikitoka hospitali saa nane za usiku, Tanga yote imelala na kwake bado jioni. Amepewa namba za simu za ndugu wa kila mmoja wetu, na yeye ndiye anayepiga. Kama mna mtu ughaibuni, msimfanye wa kuchangisha tu.

Namba 9 ni mmaliziaji, wala si mpiga kelele. Fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, Machi 1, 2020, Mbwana Samatta hakuwa mtu aliyegusa mpira kuliko wote pale Wembley, lakini dakika ya 41 krosi ilipokuja alikuwa mahali pake, akaiweka wavuni kwa kichwa. Timu yake, Aston Villa, ilipoteza 2-1, goli lake likabaki. Kwenye kundi, straika ni yule ambaye mkishabishana siku mbili kuhusu kikao anaandika: "Jumamosi, saa kumi, Raskazone, kila mtu na chakula chake," na watu wanakuja. Ili umtambue, hesabu maamuzi matano ya mwisho yaliyotekelezwa, uone sentensi ya mwisho kabla ya utekelezaji iliandikwa na nani.

Benchi linataka huruma na macho. Wanaosoma bila kuandika si wa aina moja. Bonyeza ujumbe wako uone waliousoma. Kuna asomaye kila kitu na kutuma mchango bila kuitwa: huyo ni mchezaji wa akiba, yuko tayari, hajaitwa tu. Kuna asiyefungua kabisa kwa miezi: huyo usimwite shabiki wala mvivu, mpigie, huenda ana jambo. Mmoja wetu tulidhani ametususa, kumbe alikuwa ameuza simu ili alipe ada. Sheria za mpira sasa zinaruhusu kubadilisha watano. Tumieni hao watano.

Admini, wewe ni refa. Huwezi kuwa refa, kocha na namba 10 kwa pamoja. Nilijaribu, na watu waliacha kunipinga hata nilipokosea. Mambo ya ukocha nimewaachia namba 6 na namba 5. Ile njia ya kufunga kundi waandike maadmini tu, itumie kwa matangazo ya msiba na utaratibu wa mazishi, kisha fungua siku hiyo hiyo, kwa sababu filimbi inayolia muda wote inaua mechi. Kadi nazo zina daraja. Ya njano itoe pembeni, kwa simu, kwa sauti yako mwenyewe. Nyekundu, ile ya kumtoa mtu, kila mmoja ataiona kwenye skrini, pamoja na mtoto wa mhusika aliyeshika simu ya baba yake. Kwa miaka yote hii nimeitoa mara moja tu, kwa aliyetapeli wenzake pesa ya mgonjwa, na sijuti.

Ukikamilisha, usikirushe kikosi kundini kama nilivyofanya. Mpigie kila mmoja, umwambie namba yake na sababu, kwa mfano ulio hai: "Ulipofika hospitali ya Bombo usiku ule, ndipo nilipojua." Halafu muulize yeye angejiweka wapi. Watatu walinihamisha mawazo, na walikuwa sahihi. Pitia upya kila Januari, dirisha dogo la usajili likiwa wazi, kwa kuwa watu huugua, huhama, hustaafu, na aliyekuwa winga akifiwa na mke anaweza kutaka kukaa benchi mwaka mzima. Mwachie nafasi yake, jezi yake asiivae mtu.

Usishtuke ukipata pungufu ya kumi na mmoja. Sheria inaruhusu timu kucheza ikiwa na watu saba, na mimi kwa mara ya kwanza niliwapata tisa kati ya 38. Sasa tuko kumi. Namba 3 yetu bado iko wazi. Nataka mtu anayeishi Dar, mwenye pikipiki au muda, anayeweza kufika Muhimbili siku yenyewe mwenzetu anapolazwa. Nina watu wawili ninaowatazama, na hakuna hata mmoja anayeandika sana.