Kupaka kasha la kompyuta rangi ya unga, toka kung'oa riveti hadi kuzirudishia

Mafundi wengi wa rangi ya unga, yaani unga mkavu unaonatishwa kwenye chuma kwa umeme kisha kuyeyushwa ndani ya oveni, wamezoea geti, fremu za madirisha na viti vya chuma. Kasha la kompyuta lina tabia zake. Bati lake ni jembamba, aghalabu milimita 0.6 hadi 0.8, limeshapakwa zinki kiwandani, na vipande vyake huingiliana kwa nafasi finyu. Zaidi ya hayo, bati hilohilo ndilo njia ya ethi (waya wa ardhi) ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ukilipeleka kwa fundi wa mageti bila maelekezo, litarudi linang'aa vizuri lakini mfuniko wa ubavuni hauingii na skrubu hazishiki.

Hatua ya 1: Lifungue mpaka libaki bati tupu

Piga picha kila upande kabla ya kugusa kitu. Toa feni, vioo, vichujio vya vumbi, raba, miguu, swichi na nyaya za USB za mbele. Plastiki ya kawaida ya makasha huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100, na sisi tutafika 200. Tafuta pia visumaku vilivyofichwa kwenye milango na vichujio, kwa kuwa sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80.

Riveti, vile vipini vya chuma vinavyounga bati na bati, nyingi kwenye makasha ni za milimita 3.2. Tumia biti ya kipimo hichohicho na utoboe kichwa peke yake. Kichwa kikikatika, acha drili, kisha sukuma mwili wa riveti kwa panchi. Ukiendelea kutoboa utapanua tundu, na riveti mpya itacheza. Riveti ikizunguka pamoja na biti, ibane mkia wake kwa plaizi upande wa pili.

Usishawishike kupaka kasha likiwa limeungwa. Pale bati mbili zinapolaliana hubaki mafuta na maji ya kusafishia, na ndani ya oveni hutoka na kuacha mstari wa malengelenge kwenye rangi.

Hatua ya 2: Bandua, safisha, choma

Rangi ya zamani iondoe kwa dawa ya kubandua rangi inayofaa kwa zinki, au kwa msasa namba 180 kisha 220. Magadi makali, yaani kostiki soda, yaache kabisa: hula zinki na alumini pia. Kupiga mchanga kunawezekana, ila kwa mchanga laini, presha ndogo, na bunduki isikae sehemu moja. Bati la milimita 0.7 likipigwa kwa presha ya geti hupinda kama sahani, na hakuna namna ya kulinyoosha likarudi sawasawa.

Osha kwa sabuni ya kukata mafuta, suuza, kausha, kisha futa kwa asetoni na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kuanzia hapo shika kwa glavu. Na dawa zozote za kupuliza zenye silikoni zisiwe karibu na chumba cha kazi; tone dogo huacha vishimo vya mviringo ambavyo unga haukai.

Sasa hatua inayorukwa na wengi: choma bati tupu kwenye oveni, nyuzi 10 hadi 20 juu ya joto utakalotumia kuivishia rangi, kwa dakika 30 hivi. Zinki hubeba hewa ndani yake. Usipoitoa sasa, itatoka wakati rangi imeyeyuka, na utapata vitundu vidogo kama vya sindano vilivyotapakaa kwenye uso mzima.

Hatua ya 3: Ziba pasipotakiwa rangi

Tumia tepu ya polyesta ya joto kali na vizibo vya silikoni. Tepu ya karatasi ya kawaida huungua na kuacha gundi. Ziba hesi (meno ya ndani ya matundu) zote za skrubu, mahali vinapokaa vile vikalio vya shaba vinavyoinua madabodi juu ya bati, ukingo wa dirisha la nyuma la kuchomekea nyaya, na uso ambao pawa saplai (kifaa cha umeme cha kompyuta) hukandamizwa. Halafu ziba ndimi za mifuniko ya ubavuni na mifereji zinamoingia. Rangi nzuri ina unene wa maikroni 60 hadi 80 kila uso. Ulimi uliopakwa pande zote mbili huongezeka takriban milimita 0.15, na mfereji nao hupungua.

Hatua ya 4: Puliza unga

Kasha la ukubwa wa kati lina eneo la karibu mita 2 za mraba ukihesabu ndani na nje. Kwa unene wa maikroni 70, unga unaobaki kwenye bati ni takriban gramu 200, na mwingine mwingi hupotea hewani. Nunua kilo 1, ubaki na wa kurekebishia. Unga wenye chembechembe za mkwaruzo huficha mikunjo midogo ya bati. Wa kung'aa huonyesha kila kasoro.

Unga hushikwa kwenye bati na umeme wa bunduki ya kupulizia, kwa hiyo waya wa ethi ufungwe kwenye chuma kitupu cha kipande chenyewe. Ndoano iliyojaa rangi ya kazi ya jana haipitishi umeme, na unga utadondoka. Kompresa iwe na kichujio cha maji. Dar es Salaam au Mombasa, unyevu wa pwani hufanya unga ushikamane na kutoka kwa mafumba.

Anza na pembe na mikunjo ya ndani, ukiwa umeshusha bunduki hadi kilovolti 30 au 40. Volti ikiwa juu, unga hukimbilia kingo na kuacha pembe uchi. Kisha panda hadi 60 au 70 kwa nyuso bapa, bunduki ikiwa sentimita 20 hivi kutoka kwenye bati. Ukiona unga unaanza kurukaruka na kuacha vishimo, umeshazidisha: puliza wote kwa hewa, anza upya. Vaa barakoa ya vumbi, na pasiwe na moto wala cheche, kwani wingu la unga huu hulipuka.

Hatua ya 5: Ivisha

Tumia oveni ya umeme ambayo haitapikiwa chakula tena. Fuata karatasi ya maelekezo ya unga wako. Nyingi husema dakika 10 kwa nyuzi 200, au 15 hadi 20 kwa nyuzi 180. Hesabu huanza bati lenyewe linapofika joto hilo, siyo oveni. Nyeupe ikizidishiwa muda hugeuka manjano. Rangi isiyoiva huonekana nzima lakini humeguka ukifunga skrubu. Ijaribu sehemu iliyojificha kwa kuisugua na kitambaa chenye asetoni. Ikilainika kidogo ni kawaida, ikitoka yote kitambaani, rudisha ndani.

Hatua ya 6: Unganisha na upime

Bandua tepu bati likiwa bado na uvuguvugu, ukikata ukingo kwa wembe. Pitisha tapu (kifaa cha kukata hesi) kwenye hesi zilizoingiwa na rangi, ukihakikisha ni ya kipimo sahihi: makasha huchanganya skrubu za vipimo viwili, M3 na 6-32, na hazibadilishani. Rudisha riveti za kipenyo cha milimita 3.2 na urefu wa milimita 6, ukiweka tepu kwenye pua ya bunduki ya riveti isikwaruze.

Kabla ya kurudisha madabodi, weka multimita kwenye ohm na upime kati ya kila kikalio na tundu la skrubu ya pawa saplai. Isomeke karibu na sifuri. Isiposoma, kwangua rangi chini ya kikalio hicho mpaka chuma kionekane, upime tena.